Betri Iliyovimba Kwenye Begi la Mkwe

Vijana wangu, katika miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta ya vifurushi pale stendi ya mabasi, swali moja nimeliuliza mara nyingi kuliko nilivyosali: "Humu ndani mna nini?" Na karibu kila mara nimejibiwa kwa namna moja: "Nguo tu." Nimepokea nguo zilizowika. Nimepokea nguo zilizonuka dagaa wa Nyasa kiasi kwamba paka wa stendi walijipanga mlangoni kwa utulivu, kama waamini wanaosubiri komunyo. Nimepokea nguo zilizotiririka asali, zikafuatwa na nyuki wawili watatu ambao, kwa jinsi walivyokuwa wakiizunguka kaunta, nadhani walikuwa wamekuja kudai mali yao.

Sikuwahi kumwita mtu mwongo kwa ajili hiyo. Msafiri husema "nguo tu" kama mgonjwa anavyomwambia daktari "sijambo": ni adabu ya kufungulia mazungumzo. Kazi ya karani wa vifurushi huanzia pale jibu hilo linapoishia. Ndipo huweka kiganja juu ya mzigo, akaunyanyua upande mmoja, akasikiliza, akanusa, kisha akauliza tena kwa sauti ya upole zaidi kuliko ya kwanza.

Ninyi mliochukua nafasi zetu mmeniomba niwaeleze habari za betri, hasa hizi za akiba ambazo wavutaji wa vepu, hivi vifaa vya umeme vya kuvuta mvuke, hutembea nazo mifukoni kama karanga. Nitawaeleza, lakini mtanivumilia nikipita njia yangu mwenyewe, kwa sababu siwezi kuzungumzia betri bila kuanza na ulanzi, wala kuzungumzia ulanzi bila kuanza na Mzee Otmari.

Mzee Otmari alikuwa mkuu wa wapakiaji, na ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilifika stendi nikitokea seminari, nikiwa na Kilatini kingi na misuli michache, na siku ya kwanza tu akanipa jina la "Mseminari", ambalo sijafanikiwa kulivua hadi leo. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye kofia ya pama iliyokwisha kupoteza rangi yake ya asili. Katika utepe wa kofia hiyo alichomeka msumari. Wageni walidhani ni pambo. Sisi tulijua kwamba msumari ule ndio uliokuwa ukiyafikisha mabasi ya Songea salama.

Kila msimu wa mvua, mianzi inapogemwa, madumu ya ulanzi huletwa stendi yaende kwa ndugu walio mbali. Ulanzi, kwa asiyeujua, ni utomvu wa mwanzi mchanga, nao huendelea kuchacha hata baada ya kufungwa. Haujali kwamba umekwisha kukatiwa risiti. Mtumaji asiyejua kazi hukaza kifuniko kwa nguvu zake zote, kisha akakizungushia nailoni ili kisivuje. Dumu likifika milimani kuelekea Njombe, mashavu yake yamejaa kama ya mpiga tarumbeta, na mahali fulani kwenye kona hupasuka. Lilipata kupasuka moja juu ya sanduku la shemasi aliyekuwa akienda kupewa daraja la upadre. Kanzu yake nyeupe ilikaushwa juani haraka haraka, na inasemekana kwamba askofu, alipomwekea mikono, alivuta pumzi mara mbili.

Mzee Otmari ndiye aliyekomesha mambo hayo. Aliligonga dumu kwa kifundo cha kidole, akalitegea sikio, akasema, "Limevimba hili, linataka hewa." Kisha akachomoa msumari kofiani na kutoboa kitundu katikati ya kifuniko. Dumu lilipumua kwa mlio mrefu wa shukrani, naye akalisimamisha pembeni mwa buti, wima, mahali lisipoweza kuanguka. Alifanya hivyo kwa ulanzi, kwa maziwa mgando, na mara moja kwa mpira wa miguu ambao mwenyewe alikuwa ameujaza upepo makusudi na hakufurahi. Nilijifunza kwake kwamba mzigo hauna budi kusomwa kwa mikono, na bado naamini hivyo. Tatizo ni kwamba mikono yake ilikuwa imesoma kitabu kimoja tu.

Nasi wengine pia tulikuwa na kitabu chetu kimoja kuhusu betri. Bibi yangu kule Mpitimbi alikuwa akizianika betri za redio juani, kwenye ungo mmoja na muhogo, na jioni taarifa ya habari ilisikika vizuri kuliko asubuhi. Zilipokufa kabisa alizitupa chooni, kwa imani iliyoenea sana kwamba hupunguza harufu. Kwa betri zile za zamani, kuzianika kulikuwa na nafuu kidogo, ingawa kuzitupa chooni hakukuwa sawa hata wakati ule. Basi betri za lithiamu zilipoingia mjini, kwanza kwenye simu, kisha kwenye tochi za Wachina, kisha kwenye hizi vepu, watu wa Songea walizipokea kwa ukarimu uleule: wakazianika kwenye bati. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo mtaani kwetu Msamala, akatoboa bati lake mwenyewe kwa moto, na kwa muda mrefu aliwaambia watu kwamba ni radi, ingawa ulikuwa mwezi wa kiangazi.

Asubuhi moja alitutembelea stendi afisa wa zimamoto, mtu mtaratibu ambaye alieleza bila kutisha. Alisema kwamba betri ya lithiamu hubeba nguvu nyingi katika mwili mdogo, na kwamba ndani yake pande mbili zisizopaswa kukutana hutenganishwa na utando mwembamba kuliko karatasi. Utando huo ukiharibika kwa joto, kwa kubonyezwa au kwa kutobolewa, pande hizo hukutana, nayo betri hujichoma yenyewe kutoka ndani. Akaongeza jambo ambalo ndilo ninalowasisitizia ninyi: betri ya akiba, ile isiyo ndani ya kifaa, ina ncha zake wazi, na chuma chochote kinachozigusa zote mbili kwa pamoja huifanya ipate moto. Funguo za nyumba zinatosha. Sarafu zinatosha. Kwa hiyo kila betri ya akiba ilale peke yake katika kiboksi chake cha plastiki, na isipopatikana kiboksi, ncha zake zifunikwe kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Ile ambayo ganda lake la nje limechanika isitumike tena.

Wote tulisikiliza, isipokuwa Mzee Otmari. Alikuwa chini ya basi anatoboa madumu.

Sasa niwatambulishe kwa Mama Gaudensia. Alikuwa jirani yangu Msamala, mjane, mama wa Edeltruda. Mumewe alilima tumbaku kule Lusewa, akaikausha kwa moshi, na iliyobaki akaivuta, hadi kikohozi kilipommaliza. Kwa hiyo kijana aitwaye Fredi alipoleta barua ya posa kwa Edeltruda, mama huyo hakuuliza habari za shamba wala nyumba. Alitoa sharti moja, na mtaa mzima ulilisikia: "Sitaki mvutaji. Kikohozi kimoja katika ukoo huu kinatosha." Fredi akaapa kwamba sigara haijagusa midomo yake. Mama Gaudensia aliridhika hata akampa rozari yake mwenyewe, ya shanga za chuma na mnyororo wa chuma. Lililobaki lilikuwa safari moja tu, kwenda Njombe kumwonyesha kijana kwa mjomba wa binti, ambaye neno lake ndilo la mwisho.

Walifika kaunta yangu asubuhi wakiwa wamevaa vizuri. Mama Gaudensia alikuwa na kikapu cha zawadi, na Fredi alikuwa na begi jipya la mgongoni, lililoshiba.

"Shikamoo babu," akasema Fredi.

"Marahaba mwanangu. Hili linaingia buti?"

"Ndiyo babu. Nafasi juu hakuna."

"Humu ndani mna nini?"

"Nguo tu."

"Nguo na rozari niliyompa," akadakia Mama Gaudensia. "Kijana wa sala huyu, siyo kama hawa wengine wa stendi."

Nikaweka kiganja kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Ulikuwa na joto. Nikauinamia, nikasikia harufu tamu, kama ya pipi, na chini yake harufu nyingine kama ya rangi ya kucha.

"Nguo hizi zina homa," nikasema.

"Ni jua, babu."

"Jua halijafika upande huu wa ofisi."

"Basi ni pasi. Nimezipiga pasi asubuhi hii."

"Unapiga pasi mwenyewe?" Mama Gaudensia alifurahi waziwazi. "Edeltruda amepata mume!"

Wakati huo akaingia Mzee Otmari akijifuta mikono. "Mseminari, dereva amewasha injini, ninyi mnaendesha ibada gani hapa?" Nilimwonyesha mfuko. Aliushika, akautegea sikio, nyusi zake zikapanda. "Lina kitu. Lifunguliwe."

Fredi akalikumbatia begi. "Babu, jamani. Mkwe wangu yupo hapa. Humo mna nguo za ndani."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na wote tuliiheshimu. Mama mkwe hawezi kusimama akitazama nguo za ndani za mkwewe zikitandazwa kaunta. Mama Gaudensia mwenyewe alilitatua jambo hilo: aligeuka, akatupa mgongo, akatazama barabarani kana kwamba hajawahi kuona barabara. "Fungueni," akasema. "Mkimaliza mtaniambia."

Naomba muizingatie hali ilivyokuwa. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, haoni kitu, anasikia kila kitu. Neno moja tu lilitosha kuvunja posa, na Fredi alilijua neno hilo. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba asitajwe.

Nilifungua mfuko. Ndani mlikuwa na soksi nene, iliyotuna. Nilitumia kijiti cha mbao nilichokuwa nacho kaunta, nikaipanua. Mlikuwa na betri mbili za mviringo, nene kama kidole gumba. Ile rozari ya chuma ilikuwa imejizungusha kwenye mojawapo, ikiwa imegusa kichwa na kitako. Hapo ndipo joto lilipotoka. Nilipoiinua rozari kwa kijiti, msalaba wake ulikuwa umekwisha kuacha alama ya kuungua kwenye soksi. Na kando ya hizo mbili ililala ya tatu, bapa, ya rangi ya fedha, laini, iliyovimba kama mto wa mtoto.

"Ni nini?" akauliza Mama Gaudensia akiwa amegeukia barabara.

"Tochi, mama," akasema Fredi. "Ni betri za tochi."

"Mkristo asitembee gizani. Vizuri."

Kwa hakika hakuwa amedanganya kikamilifu, kwa maana betri zile za mviringo huingia kwenye tochi pia. Ningekuwa radhi kuliacha jambo lipite hivyo, nizitenganishe zile mbili, na kuitoa ile ya tatu nje kimyakimya. Lakini Mzee Otmari alikuwa amekwisha kuiona.

"Imevimba hii!" akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akaichukua, akaiweka juu ya kaunta, akachomoa msumari. "Inataka hewa."

"Mzee, usitoboe," nikasema. "Hiyo ni betri."

"Betri!" Alicheka. "Betri haivimbi, Mseminari. Mimi nimezitupa betri tangu hujajua kusoma, hazikuwahi kuvimba. Hiki ni kiroba. Umeiona hii karatasi ya fedha? Ni pombe iliyochacha, kijana anaificha mkwewe asijue."

"Pombe?" akasema mgongo wa Mama Gaudensia.

"Siyo pombe, mama!" akalia Fredi.

"Basi kama ni betri," akasema Mzee Otmari, akiitafutia ncha ya msumari mahali pazuri katikati, "ni betri ya kitu gani? Redio iko wapi? Mseminari, wewe msomi, niambie: betri hii ni ya kitu gani?"

Nilijua ni hatari, ila sikujua ilitoka kwenye kifaa gani, na Mzee Otmari hakuwa mtu wa kuzuiwa na nusu ya hoja. Nilimshika mkono. Aliuondoa mkono wangu bila ubaya, kama anavyoondoa mzigo mwepesi. "Nikishatoboa utaona ulanzi," akasema, akainamisha uso wake karibu kabisa, kama alivyozoea, ili asikie pumzi ya kwanza.

Nilimtazama Fredi. Kijana yule angeweza kunyamaza. Mkwewe alikuwa ameshakubali kisingizio cha tochi, na kama jambo baya lingetokea, lingemtokea mzee wa watu.

"Ni ya vepu!" akapiga kelele. "Babu, ni ya vepu yangu! Mimi ndiye ninayevuta! Niliitoa kwa sababu ilivimba, nilimwona mtu Dar akitoboa betri kama hiyo, moto ukamruka usoni, babu nakuomba, weka msumari chini!"

Msumari ulisimama. Nadhani Mzee Otmari aliamini kwa sababu ileile iliyonifanya niamini mimi: hakuna kijana ambaye angepiga kelele ya namna ile mbele ya mkwe wake kwa ajili ya uongo. Alirudi nyuma. Nami niliazima koleo la mkaa la mama lishe wa jirani, nikaiinua ile betri taratibu, nikaiweka ndani ya ndoo ya mchanga mkavu ambayo afisa wa zimamoto alituachia, nikaipeleka uwanjani nyuma ya ofisi, mbali na basi, mbali na watu, upande ambao upepo hauwaelekei. Niliwaambia wote wasogee kando. Hatukukaa sana. Joto la ndani ya soksi lilikuwa limekwisha kuiharibu: ilianza kunong'ona, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatema ulimi wa moto mkali ulioruka juu ya mdomo wa ndoo na kuifanya stendi nzima inyamaze, wapiga debe wakiwemo, jambo ambalo sijaliona tena. Hakuna aliyeruhusiwa kuusogelea moshi ule, kwa kuwa una sumu, na ndoo haikuguswa hadi ilipopoa kabisa.

Mzee Otmari alivua kofia. Aliutazama msumari, akaitazama ndoo, akaugusa uso wake mahali ambapo pangeungua. "Ulanzi," akasema hatimaye, "hauna roho ya namna hii."

Tulipogeuka, Mama Gaudensia alikuwa amegeuka pia.

"Unavuta," akamwambia Fredi.

"Siyo sigara, mama. Sigara sijawahi, naapa. Hii haina moshi. Ni mvuke."

Kwa kuwa nilipita seminari, najua utofautishaji wa kitaalamu ninapousikia, na huo haukuwa mbaya. Lakini Mama Gaudensia naye alijua kuhoji.

"Mvuke unaingilia wapi?"

"Mdomoni, mama."

"Unakwenda wapi?"

"Kifuani."

"Unatokea wapi?"

"Mdomoni tena."

"Basi."

Dereva alipiga honi. Nilikuwa nimeanza kufikiri jinsi ya kumrudishia Fredi tiketi yake bila kumwaibisha zaidi, wakati Mama Gaudensia aliposema kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza, nisingejua."

"Babu angeungua, mama."

Mama Gaudensia akaichukua ile soksi, akaona alama ya msalaba iliyounguzwa, akafanya ishara ya msalaba mwenyewe. Mpaka leo anasadiki kwamba rozari yake ilifanya kazi iliyotumwa. Mimi ningesema kwamba ni mnyororo wa chuma uliogusisha ncha mbili, lakini sijaona faida ya kubishana naye.

"Toa na hicho kifaa chenyewe," akasema.

Fredi akakitoa mfukoni mwa koti. Mama Gaudensia akakikusanya pamoja na zile betri mbili nzima kwenye leso, akaelekea moja kwa moja kwenye choo cha stendi, na Mzee Otmari akamfuata akishauri kwamba shimo la taka lililo nyuma linafaa zaidi, kwa kuwa jioni huchomwa moto.

Ilibidi nikimbie, na mimi si mtu wa kukimbia. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kosa hili ni letu, nalo hufanywa kila siku na watu wema. Chooni betri huoza, sumu yake ikaingia ardhini, ardhi ileile yenye visima vyetu. Na shimo la taka linalochomwa moto ni mahali pabaya kuliko pote, maana mtaona kwa macho yenu kile tulichokiona ndani ya ndoo, isipokuwa safari hiyo kutakuwa na mtu ameinama akichochea. Betri iliyokwisha kazi hufunikwa ncha zake kwa tepu, huwekwa peke yake kwenye chombo kisicho cha chuma, penye kivuli na pakavu, kisha hupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Kwetu hawapo kila mtaa, nalijua hilo. Ulizeni ofisi ya mazingira ya manispaa, au fundi simu mwaminifu anayepeleka zake. Na mpaka mpate jibu, chungu cha mchanga mkavu nje ya nyumba ni mlinzi mzuri. Iliyovimba au iliyochanika hukaa huko nje peke yake, haisafiri na mtu.

Mama Gaudensia alinisikiliza hadi mwisho. "Na zile nzima?" akauliza.

"Nzima zikisafiri, husafiri na mwenyewe, ndani ya basi, kila moja kwenye kiboksi chake, mahali atakapojua mara moja zikipata joto. Haziingii buti, maana kule hakuna anayeona. Kwenye ndege ni vivyo hivyo: za akiba hukaa na abiria, haziendi na mizigo ya chini."

"Hizi hazisafiri," akasema. "Zifunge kama unavyojua, ziweke hapa kwako. Akizitaka atakuja kuziomba, na atakapokuja, mimi nitakuwepo." Kisha akamgeukia mkwewe. "Panda basi."

Nilizifunika ncha kwa tepu, kila betri nikaiweka kwenye kiboksi chake, kile kifaa nikakiweka kando yake, vyote kwenye rafu ya mizigo isiyodaiwa, mbali na dirisha. Mzee Otmari alirudi kwenye basi, na kuanzia siku hiyo hakukuwa na mkaguzi mkali kuliko yeye. Aliwapekua abiria akiuliza "Una betri? Una rozari? Zimelala pamoja?" hata ikabidi tumweleze kwamba Waislamu wa Namtumbo wanaokwenda zao Njombe hawapaswi kuulizwa habari za rozari. Akabadilisha, akawa anauliza funguo.

Siku chache baadaye Mama Gaudensia alipita ofisini akitoka Njombe, nami nikamwuliza mambo yalikwendaje.

"Mjomba aliuliza swali moja tu," akasema. "'Huyu anavuta?' Nami siwezi kumdanganya kaka yangu. Nikasema, alikuwa anavuta, ameacha."

"Naye akasemaje?"

"Akauliza, 'Ameacha lini?' Nikamwambia, leo asubuhi."

Kwa jinsi Mama Gaudensia alivyosimulia, mjomba alicheka hadi kikopo chake cha ugoro kikamponyoka na kumwagika mkekani. Alipopata pumzi alitamka kwamba katika ukoo mzima hajapata kuona mwanamume aliyekiri jambo hilo siku hiyohiyo ya kutambulishwa, kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiacha tangu ujana wake, na kwamba binti apewe. Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Nilikuwepo. Mzee Otmari alipewa meza ya mbele, na madumu yote ya ulanzi yalipita mikononi mwake.

Nilipokuwa nikikabidhi ofisi ili nistaafu, nilikuta kifaa kile na zile betri bado viko kwenye rafu. Ilikuwa ni wajibu wangu kuvipeleka kwa wakusanyaji, lakini ni wajibu pia kumwarifu mwenye mali. Nikampigia Fredi simu, nikamweleza kwamba akitaka anaweza kupita mara moja, kabla sijavipeleka.

Nilisikia mtoto akilia nyuma yake.

"Babu," akasema kwa sauti ya chini sana, "mama yupo hapo?"

"Hayupo."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Niko peke yangu ofisini."

Akambembeleza mtoto kidogo.

"Hata hivyo," akasema, "vipeleke tu."